SOMO LA KIINGEREZA: NENO "NEXT" NA HESABU YA SIKU ZIJAZO

Neno la Kiingereza "next" lina herufi 4 tu, na mtoto hulijua tangu madarasa ya chini. Hata hivyo ni miongoni mwa maneno yawapotezayo watu wazima. Limo katika kadi za zahanati, katika barua za shule zidaizo karo, katika karatasi za mahakama, na katika ujumbe mfupi wa simu autumao karani au mwajiri. Mtu akilielewa vibaya katika mahali hapo, hasara yake si alama za mtihani. Huenda akafika mahakamani na kukuta shauri lake limekwisha futwa, au akampeleka mtoto zahanati wakati siku ya chanjo imekwisha pita. Basi somo hili lahusu neno hilo moja: maana yake, namna ya kulitia katika sentensi, na mahali ambapo halitoshi peke yake. Mifano yake yatoka katika maisha ya watu wa kaunti za Migori na Homa Bay, lakini kanuni zake ni zile zile kwa kila asomaye Kiingereza.

ASILI YA NENO

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa daraja ya juu kabisa ya neno lenye maana ya "karibu". Waingereza walikuwa na maneno matatu yaliyofuatana: "nigh", yaani karibu, "near", ambalo wakati huo maana yake ilikuwa karibu zaidi, na "next", yaani karibu kuliko vyote. Maana hiyo ya kale haijafa. Mtu asemapo "The chemist is next to the post office", hazungumzi habari za wakati ujao hata kidogo. Asema kwamba duka la dawa limepakana na posta, pasipo nyumba nyingine katikati.

Anayeifahamu asili hii hatatatizwa na maneno mawili ya sheria ambayo huwashangaza wengi. La kwanza ni "next of kin". Hulionekana katika fomu za hospitali, za kazi na za benki. Maana yake si jamaa atakayekuja, bali jamaa aliye karibu kuliko wote, kama vile mke, mume, mzazi au mtoto. La pili ni "next friend". Nchini Kenya mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 hafungui shauri la madai kwa nafsi yake. Mtu mzima husimama badala yake, na mtu huyo ndiye aitwaye "next friend". Huyu naye si rafiki ajaye. Ni mtu wa karibu amsimamiaye mtoto mbele ya hakimu.

"IJAYO" NA "NEXT" SI KITU KIMOJA

Katika Kiswahili husemwa wiki ijayo, mwezi ujao, mwaka ujao. Katika Kijaluo, ambacho ndicho lugha ya watu wengi wa Homa Bay na Migori, husemwa "juma mabiro" na "higa mabiro". Lugha zote mbili hutazama mwendo: wiki yaja, mwaka waja, kama mgeni aliye njiani. Kiingereza chatazama mpango. Siku zimepangwa kama watu waliosimama mstarini mbele ya dirisha la karani, na "next" ni yule aliye karibu na dirisha baada ya huyu anayehudumiwa sasa.

Ndiyo maana "next" huonyesha ni kipi kifuatacho, wala halionyeshi kitafuata baada ya muda gani. Jambo hili ndilo shina la somo zima, na yafaa lishikwe kwa mfano.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya, na uzinduzi ulifanyika katika kaunti ya Homa Bay. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizoingia katika mpango huo. Kwa ratiba iliyowekwa wakati ule, mtoto alipaswa kupata chanjo mara 4: akiwa na miezi 6, miezi 7, miezi 9, na miezi 24. Sasa msomaji ahesabu nafasi zilizo katikati. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni mwezi 1. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni miezi 2. Kutoka ya tatu hadi ya nne ni miezi 15. Kila mara muuguzi angeweza kusema kwa haki kabisa "the next dose", na kila mara umbali ulikuwa mwingine. Mama ambaye angeyachukua maneno hayo kuwa "chanjo ya mwezi ujao" angesadifu mara ya kwanza tu. Mara ya pili angefunga safari kabla ya wakati, na mara ya tatu angefika mapema kwa miezi 14. Na mtu aliyerudishwa mara mbili pengine hatarudi tena. Neno lilimpa utaratibu. Tarehe iliyoandikwa kadini ndiyo iliyompa siku.

KANUNI ZA SENTENSI

Kanuni ya kwanza. Likihesabiwa tangu leo, neno hili halitanguliwi na "on", wala "in", wala "at". Asiseme mtu "I will travel to Mbita on next Monday", wala "They will plant in next month". Sentensi zilizo sawa ni hizi:

"I will travel to Mbita next Monday."
Nitasafiri kwenda Mbita Jumatatu ijayo.

"They will plant next month."
Watapanda mwezi ujao.

Kanuni ya pili. Likihesabiwa tangu leo, halitanguliwi na "the". Husemwa "next week", si "the next week". Husemwa "next year", si "the next year".

Kanuni ya tatu. Likihesabiwa tangu wakati mwingine uliokwisha tajwa, hapo "the" huhitajiwa. Mathalan, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya katiba ya Kenya ya 2010 ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, nao ndio uliowapa watu wa Migori na Homa Bay magavana wao wa kwanza. Uliofuata ulifanyika tarehe 8 Agosti 2017, na mwingine tarehe 9 Agosti 2022. Basi yaweza kuandikwa hivi:

"The first governors were elected in March 2013. The next election was held in August 2017."
Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Uchaguzi uliofuata ulifanyika Agosti 2017.

Hapa mambo yote mawili ni ya zamani, na bado neno ni "next". Msomaji ataona kwamba Kiswahili hubadili neno: chaacha "ujao" na kutwaa "uliofuata". Kiingereza hakibadili neno, bali huongeza "the" na kukigeuza kitendo. Na mtu atakaye kuuruka uchaguzi wa 2017 na kuutaja wa 2022 atasema "the next but one", maana yake ule wa pili baada ya huo wa kwanza.

Kanuni ya nne. "Next day" haina maana ya kesho. Kesho ni "tomorrow", na kesho kutwa ni "the day after tomorrow". "The next day" ni siku iliyofuata katika habari inayosimuliwa:

"The boat reached Mfangano on Tuesday, and the next day the fishermen went out."
Mashua ilifika Mfangano Jumanne, na siku iliyofuata wavuvi wakaenda ziwani.

Kanuni ya tano. Likifuatwa na hesabu, neno hili hujumlisha siku zote zilizomo. "Next Monday" ni siku moja tu. "The next three days" ni siku tatu mfululizo. Basi tangazo lisemalo "There will be no water for the next three days" halisemi kwamba maji yatakatika siku ya tatu. Lasema kwamba hayatakuwapo siku zote tatu, na afadhali mitungi ijazwe mapema.

Kanuni ya sita ni ya maneno ya mtu mwingine. Karani akisema leo "The chief will come next week", na mwandishi akaiandika habari hiyo baada ya mwezi mmoja, hawezi kuandika "next week" tena, kwa kuwa wiki hiyo imekwisha pita. Yampasa aandike: "The clerk said that the chief would come the following week." Neno "following" huchukua nafasi ya "next" pale ambapo hesabu haianzi leo.

NDUGU ZA NENO HILI

Maneno mengine matatu hufanana nalo, na yafaa yatofautishwe.

"Coming" hutazama mwendo kama Kiswahili na Kijaluo. "The coming rains" ni mvua zinazokuja. Kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ni mojawapo ya hizo, neno hili ni jepesi, na mara nyingi ni salama.

"Following" hutazama jambo lililokwisha tajwa, kama ilivyoelezwa.

"Future" hutazama wakati ujao wote, pasipo utaratibu. "The next headmaster" ni mtu mmoja, yule atakayemfuata mwalimu mkuu wa sasa. "A future headmaster" ni yeyote atakayeshika kazi hiyo siku yoyote, hata akiwa leo bado ni mtoto wa chekechea. Vivyo hivyo "her future husband" ni yule atakayemwoa, lakini "her next husband" yamaanisha kwamba alikwisha kuwa na mume, na sasa huzungumzwa habari za mwingine. Mtu aandikaye barua kwa wazazi wa mchumba na akosee hapo atakuwa amewatukana watu asiokusudia kuwatukana.

IJUMAA IPI?

Sasa lafikiwa tatizo kubwa kuliko yote. Tuseme leo ni Jumatatu, tarehe 3. Mtu aandika: "Come next Friday." Je, ni Ijumaa ya tarehe 7 au ya tarehe 14?

Kwa asili ya neno, jibu lingekuwa tarehe 7, kwa kuwa ndiyo Ijumaa iliyo karibu kuliko zote. Lakini wasemaji wengi wa Kiingereza huiita hiyo "this Friday", na wasemapo "next Friday" hukusudia Ijumaa ya wiki inayofuata, yaani tarehe 14. Wengine hawafuati desturi hiyo. Waingereza wenyewe hubishana juu ya jambo hili, na wala hapana kanuni inayowafunga wote. Wapo kwao wasemao "Friday week", maana yake wiki moja baada ya Ijumaa inayokuja, ili kuondoa shaka. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefadhaika asidhani kwamba akili yake ni nzito. Ugumu umo katika lugha yenyewe.

Kwa watu wa Nyanza ya kusini liko jambo jingine lizidishalo ugumu, nalo ni majina ya siku. Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, na hivyo Jumatano ni ya tano. Alhamisi nayo, jina lililotoka katika Kiarabu, maana yake ni ya tano vile vile. Kijaluo huhesabu siku za kazi tangu Jumatatu: "wuok tich" ni Jumatatu, "tich ariyo" ni Jumanne, "tich adek" ni Jumatano, "tich ang'wen" ni Alhamisi, na "tich abich", siku ya tano ya kazi, ni Ijumaa. Basi mtu akisikia tu kwamba kikao ni siku ya tano, anayefikiri kwa Kiswahili aweza kwenda Jumatano, na anayefikiri kwa Kijaluo akaenda Ijumaa. Majina ya Kiingereza hayana hesabu ndani yake, kwa hiyo mfasiri hawezi kuyakisia. Yampasa ayajue kwa moyo.

Mwanzo wa wiki nao hauko mmoja. Kalenda nyingine huanza Jumapili, nyingine Jumatatu. Mtu akisema Jumapili kwamba kazi itaanza "next week", huenda akakusudia kesho yake, na huenda akakusudia siku nane baadaye.

HASARA NA DAWA YAKE

Mahakama Kuu ina vituo Homa Bay na Migori, na zipo mahakama za chini katika miji mingine ya kaunti hizo. Mashauri ya ardhi na ya urithi huwaleta watu kutoka mbali, kutoka Muhuru, Kehancha, Ndhiwa au visiwani. Kanuni za mashauri ya madai nchini Kenya humpa hakimu uwezo wa kulifuta shauri iwapo siku ya kusikilizwa amefika mshtakiwa peke yake na mdai hakuonekana. Mdai aweza kuomba shauri lirudishwe, lakini yampasa aeleze kwa nini hakufika, na maombi hayo yana gharama na kuchelewa kwake. Mtu aliyeambiwa "next Friday" kwa mdomo na akafika wiki moja baadaye ameingia katika taabu hiyo kwa sababu ya herufi 4.

Mkulima naye ana hesabu yake. Upande huo wa nchi una misimu miwili: mvua ndefu za tangu Machi, ambazo Wajaluo huuita msimu wake "chwiri", na mvua fupi za mwishoni mwa mwaka, ziitwazo "opon". Mtu aagizaye mbegu mwezi wa Juni kwa "next season" ameagiza za mvua fupi, maana ndio msimu ufuatao. Akiwa anakusudia Machi ya mwaka mwingine, neno hilo litamletea mbegu mapema, naye atalipia gunia litakalokaa ghalani.

Dawa ni moja, nayo ni nyepesi: jina la siku na tarehe viandikwe pamoja.

"Please come on Friday, the 14th of June."
Tafadhali njoo Ijumaa, tarehe 14 Juni.

Msomaji aangalie kwamba hapa "on" imerudi, kwa sababu "next" imeondoka. Na faida ya kuandika siku na tarehe pamoja ni hii: moja humkagua mwenziwe. Karani akikosea na kuandika Ijumaa tarehe 15, kosa litaonekana mara moja kwa mtu mwenye kalenda, naye ataweza kuuliza mapema.

Aliyepewa "next" peke yake ana haki ya kuuliza. Hakuna utovu wa adabu katika kusema:

"Excuse me, which date is that?"
Samahani, hiyo ni tarehe gani?

Karani mwema hatachukizwa. Na mzee asiyesoma Kiingereza aweza kumwomba karani amwandikie tarehe kwa tarakimu, kisha aende nayo nyumbani. Tarakimu husomwa na kila mtoto wa shule.

MAZOEZI

Msomaji ajaribu mazoezi haya kwa karatasi kabla ya kutazama majibu.

1. Sahihisha: "We shall visit Rusinga on next Sunday."
2. Sahihisha: "My brother will finish school in the next year."
3. Fasiri kwa Kiswahili: "The next day they crossed the border at Isebania."
4. Fasiri kwa Kiingereza: Mvua itanyesha siku nne zijazo, kila siku.
5. Leo ni Jumatatu tarehe 3 Juni. Andika kwa Kiingereza, pasipo shaka yoyote: Mkutano wa wazazi utakuwa Ijumaa ya wiki inayofuata hii.
6. Eleza tofauti: "the next chief" na "a future chief".

MAJIBU

1. "We shall visit Rusinga next Sunday." Neno "on" limeondolewa.
2. "My brother will finish school next year." Hesabu yaanza leo, kwa hiyo "in" na "the" hazitakiwi.
3. Siku iliyofuata walivuka mpaka pale Isebania. Aliyeandika "kesho" amekosa.
4. "It will rain for the next four days."
5. "The parents' meeting will be on Friday, the 14th of June." Aliyeandika "next Friday" hakukosa sarufi, lakini baadhi ya wazazi wangefika tarehe 7 na kukuta darasa tupu.
6. Wa kwanza ni yule atakayemfuata chifu aliyeko kazini. Wa pili ni yeyote atakayekuwa chifu siku moja, na huenda leo hajulikani.

Aliyepata yote sita amelielewa neno. Aliyekosa la tano alirudie hilo kabla ya mengine, kwa kuwa ndilo litakalokutana naye mapema katika barua, katika kadi ya zahanati na katika karatasi ya mahakama. Na yeyote mwenye kazi ya kuwaandikia wengine, awe mwalimu, karani, muuguzi au katibu wa chama, akumbuke kwamba msomaji wake aweza kuwa na safari ya nusu siku kwa miguu na kwa mashua. Tarehe moja iliyoandikwa wazi humwokolea mtu huyo nauli na siku yake ya kazi.